Data yako inapita wapi? Mwongozo kamili wa kuipangia njia ukiwa Dar es Salaam

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya intaneti ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Mwenye laini moja alikaa akisubiri, na hata mwenye laini mbili za kampuni mbili hakuwa na uhakika, maana kampuni mbili zinaweza kukodi nafasi kwenye mkongo uleule, au kwenye mikongo miwili inayopita eneo moja la bahari. Nembo mbili kwenye meza ya duka hazikuambii kwamba chini yake kuna njia mbili.

Kwa maoni yangu hilo halikubaliki. Tunalipia intaneti kila mwezi na kila siku, tunaendesha maduka, mashule na akaunti za benki juu yake, lakini hatuulizwi data yetu ipite wapi wala hatuambiwi imepita wapi. Sehemu kubwa ya njia hiyo iko nje ya mikono yetu, lakini ipo sehemu unayoweza kuishika leo, kwa vifaa vinavyouzwa Kariakoo na programu za bure. Twende hatua kwa hatua.

Kwanza elewa nani anaamua

Intaneti ni mitandao zaidi ya 70,000 inayojitegemea. Kila mmoja una namba yake, na mitandao hiyo huambiana kwa itifaki (kanuni za mawasiliano) iitwayo BGP: "ukitaka kufika kwenye anwani hizi, pitia kwangu." Mtoa huduma wako anapopata matangazo mawili au matatu ya kwenda mahali pamoja, yeye ndiye anayechagua. Mara nyingi anaangalia gharama kwanza. Mitandao mingi pia hupenda kuikabidhi pakiti, yaani kipande kidogo cha data, kwa mtandao mwingine mapema iwezekanavyo, ili mzigo usikae kwenye nyaya zake. Wewe hapo huna kura.

Ni kama daladala: abiria hapangi njia, ila anachagua gari la kupanda, anashuka kituo anachotaka, na akipenda anaunganisha lingine. Mwongozo huu unahusu maeneo hayohayo: laini unayotokea, seva inayokupokea, na mahali unapoweka vitu vyako.

Kuna jambo moja linalowachanganya wengi. Kufuli ya HTTPS kwenye kivinjari huficha yaliyomo, lakini haigusi njia. Ujumbe uliofungwa vizuri unaweza kwenda London na kurudi Posta bila kufunguliwa na mtu, na bado ukachelewa, ukapita chini ya sheria za nchi nyingine, na ukakwama mkongo ukikatika.

Hatua ya 1: Pima, na usome majibu vizuri

Usinunue chochote kabla ya kupima. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika `tracert` ikifuatiwa na jina la tovuti. Kwenye Linux na Mac ni `traceroute`. Ukiweza kuweka programu ya `mtr`, weka, maana inapima mfululizo na kuonyesha pakiti zinapopotelea. Kwenye Android, PingTools inatosha, na anayependa kuandika amri mwenyewe anaweza kutumia Termux.

Pima tovuti tatu: moja ya taasisi iliyopo hapahapa Dar, kwa mfano benki yako, moja ya nchi jirani, na moja ya Ulaya. Pima asubuhi, kisha pima tena saa mbili usiku watu wakiwa wamerudi nyumbani. Hifadhi majibu yote kwenye faili lenye tarehe na saa.

Majibu yatakuwa na sura kama hii (huu ni mfano wa kusomea):

```
1   192.168.1.1      2 ms
2   100.72.0.1      14 ms
3   *  *  *
4   (ruta ya mtoa huduma)    17 ms
5   (ruta yenye "mrs" kwenye jina)  128 ms
6   (ruta yenye "lon" kwenye jina)  147 ms
7   (seva uliyoitafuta)   152 ms
```

Mstari wa kwanza ni ruta yako. Wa pili unaanza na 100, na anwani za kuanzia 100.64 hadi 100.127 maana yake mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Nyota za mstari wa tatu zisikutishe, kwani ruta nyingi zimewekwa zisijibu maswali ya namna hii ilhali zinapitisha data vizuri. Tatizo lipo pale nyota zinapoanza na kuendelea mpaka mwisho bila kuifikia seva.

Mafundi wengi huzipa ruta majina kwa vifupisho vya viwanja vya ndege na miji: `dar` ni hapa, `mba` Mombasa, `nbo` Nairobi, `jnb` Johannesburg, `fjr` Fujairah, `mrs` Marseille, `lhr` au `lon` London, `fra` Frankfurt. Jina linaweza kuwa la zamani, kwa hiyo lilinganishe na muda.

Muda haudanganyi. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwa hiyo kila kilomita 1,000 za waya huongeza milisekunde 10 kwenye safari ya kwenda na kurudi, na hakuna kampuni inayoweza kushusha hapo. Seva ikikujibu kwa milisekunde 8, haiwezi kuwa Ulaya hata kama tovuti inasema iko Ulaya. Ikikujibu kwa 600, huenda umepitia setilaiti iliyo kilomita karibu 36,000 juu ya ikweta. Ukiona muda unaruka ghafla, kama kati ya mstari wa 4 na wa 5 hapo juu, pale ndipo data ilipoingia baharini na kwenda mbali.

Sasa chukua tovuti ya hapa Dar. Kutoka Sinza mpaka seva iliyoko Kijitonyama unategemea milisekunde chache kwa faiba, na labda 30 au 40 kwa 4G. Ukiona 150, ujue upande mmoja wa safari umezungukia Ulaya: ama ombi lako limekwenda huko kabla ya kurudi Dar, ama jibu ndilo lililozunguka. Ukiona 300, pande zote mbili zimezunguka. Watu wengi hukosea hapa kwa kudhani njia ya kwenda ndiyo ya kurudi. Jibu huchaguliwa njia na mtandao wa upande wa pili, na kipimo chako hakionyeshi ruta za kurudia. Kuziona, pima kutokea huko: mradi wa RIPE Atlas una vifaa vidogo vya kupimia vilivyotawanyika duniani, na ukikubali kukaa na kimoja nyumbani unapata pointi za kuvitumia vya wengine.

Kwa nini data ya Dar kwenda Dar izunguke nje? Kwa sababu mitandao hiyo miwili haijaunganishwa hapa nyumbani. Dar es Salaam ina kituo cha kubadilishana data, Tanzania Internet Exchange, kinachojulikana kama TIX, ambapo watoa huduma hupeana data za ndani moja kwa moja. Mtandao usiojiunga hapo, au uliojiunga lakini hautangazi anwani zake zote, unaweza kulazimika kukutana na mwenzake nje ya nchi.

Hatua ya 2: Mjue aliye nyuma ya mtoa huduma wako

Fungua bgp.tools au bgp.he.net ukiwa kwenye laini yako. Tovuti itakuonyesha anwani yako ya nje na namba ya mtandao wa mtoa huduma. Bonyeza namba hiyo, kisha tafuta orodha ya mitandao inayompa yeye huduma. Hao ndio mabomba yake ya kutokea nje. Halafu fungua tovuti ya PeeringDB, tafuta jina la mtoa huduma, uone anaunganika kwenye vituo gani vya kubadilishana data na kama TIX imo.

Rudia kwa laini ya pili unayofikiria kununua. Kama majina ya nyuma ni yaleyale, umepata jibu lako mapema.

Baada ya hapo angalia ramani ya mikongo kwenye submarinecablemap.com. Seacom ilianza kazi mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, na zote zinatia nanga Dar. Zote pia zinashuka kusini mpaka Mtunzini, Afrika Kusini, na zinapanda kaskazini kuelekea Bahari ya Shamu. Februari 2024 mikongo kadhaa ya Bahari ya Shamu iliharibika, Seacom ikiwemo, na miezi mitatu baadaye ndipo ikaja ile ya Mei upande wa kusini. Ukiiweka hiyo mbele ya ramani unaona wazi kwamba idadi ya mikongo si hoja kubwa kuliko idadi ya mapito ya bahari. Mkongo mpya wa 2Africa nao umefika Dar, ila muulize mtoa huduma wako kama yeye ameshanunua nafasi humo. Mkongo kufika ufukweni na data yako kupanda humo ni mambo mawili tofauti.

Nchi kavu nako kuna njia. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unaunganisha mikoa na kufika mipakani, hivyo mtoa huduma anaweza kutoka kupitia Kenya na kuibukia Mombasa. Njia ya namna hii ni akiba nzuri sana wakati wa matatizo ya baharini, mradi upande wa pili usiwe umeshonwa kwenye mkongo uleule uliokatika.

Hatua ya 3: Simu yako

Hapa mambo ni mepesi. Simu ya laini mbili inakuruhusu kuchagua laini ya data kwenye mipangilio, na huo tayari ni uchaguzi wa njia. Weka bando dogo la muda mrefu kwenye laini ya pili, iliyothibitishwa kwa Hatua ya 2 kwamba inatokea kwingine. Zima kipengele kinachobadilisha laini ya data chenyewe ukitaka kujua muda wote uko wapi.

Hatua ya 4: DNS, yaani nani anakuelekeza kwenye seva

Kila unapofungua tovuti, simu au kompyuta huuliza kwanza anwani yake. Anayejibu swali hilo ana uwezo mkubwa, kwa sababu huduma kubwa za video na mitandao ya kijamii zina seva sehemu nyingi, na nyingine zimewekwa ndani kabisa ya mitandao ya watoa huduma. Jibu la DNS ndilo mara nyingi linaloamua kama video itatoka jirani yako au Ulaya.

Kwenye Android, kuanzia toleo la 9, kuna sehemu ya DNS ya faragha kwenye mipangilio ya mtandao. Unaweza kuandika `dns.quad9.net`, `one.one.one.one` au `dns.google`. Maswali yako yatasafiri yakiwa yamefungwa, na mtoa huduma hatayasoma njiani.

Lakini usikimbilie kubadili. DNS ya mtoa huduma inajua uko kwenye mtandao wake, hivyo inaweza kukupa seva ya karibu kabisa. DNS ya nje wakati mwingine haijui uko wapi. Google hupeleka sehemu ya anwani yako kwa mwenye tovuti ili akupe seva ya jirani. Cloudflare haipeleki, kwa ajili ya faragha. Quad9 ya kawaida, 9.9.9.9, nayo haipeleki, ila ina 9.9.9.11 inayopeleka. Hapo unachagua kati ya faragha na ukaribu. Badili, kisha pima tena zile tovuti zako tatu na utazame video moja. Ikiwa imekuwa nzito, rudisha. Mimi kwa simu ninapendelea DNS iliyofungwa, na kwa ofisi yenye watu wengi wanaotazama mafunzo ya video ninapendelea ya mtoa huduma.

Hatua ya 5: Laini mbili ofisini, kila mashine na njia yake

Hapa ndipo mtumiaji anapopata mamlaka ya kweli. Chukua mfano wa ofisi ndogo ya uhasibu Mikocheni: wafanyakazi sita, mashine moja ya miamala ya benki, kamera, na simu za wageni. Laini A ni faiba. Laini B ni ruta ya 4G ya kampuni nyingine. Hata bila kufikiria bahari, inafaa laini ya pili isiwe waya unaopita nguzo ileile, kwa sababu greda likichimba barabara haliulizi waya ni wa nani.

Kinachohitajika ni ruta inayoweza kupokea laini mbili. Nitatumia MikroTik yenye RouterOS 7, kwa kuwa ndiyo mafundi wengi mjini wanaijua. Laini A inaingia `ether1` na lango lake, yaani kiboksi cha mtoa huduma kinachopitisha data kwenda nje, ni 192.168.1.1, laini B inaingia `ether2`, lango 192.168.2.1, ofisi iko kwenye 192.168.88.0/24. Kwenye mipangilio ya kupokea anwani kutoka laini hizo, zima njia kuu inayojiongeza yenyewe, na hakikisha zote mbili zina masquerade, yaani mashine zote za ofisi zitoke kwa anwani ya laini husika:

```
/ip firewall nat
add chain=srcnat out-interface=ether1 action=masquerade
add chain=srcnat out-interface=ether2 action=masquerade
```

Kosa linalofanywa na mafundi wengi ni kuiambia ruta ipime lango la karibu. Lango la karibu ni kile kiboksi cha mtoa huduma kilichopo mezani kwako. Mkongo ukikatika chini ya bahari, kiboksi kitaendelea kujibu "nipo", na ruta haitahamia laini B hata siku moja. Pima kitu cha mbali:

```
/ip route
add dst-address=ANWANI-YA-MBALI-1 gateway=192.168.1.1 scope=10
add dst-address=ANWANI-YA-MBALI-2 gateway=192.168.2.1 scope=10
add dst-address=0.0.0.0/0 gateway=ANWANI-YA-MBALI-1 distance=1 target-scope=11 check-gateway=ping
add dst-address=0.0.0.0/0 gateway=ANWANI-YA-MBALI-2 distance=2 target-scope=11 check-gateway=ping
```

Mistari miwili ya kwanza inasema anwani hizo za mbali zifikiwe kwa laini gani. Miwili ya mwisho inazifanya ziwe kipimo: ruta huzipigia ping kila sekunde 10, na zikikosa kujibu mara mbili mfululizo, njia hiyo inawekwa pembeni. Ndani ya nusu dakika hivi ofisi iko laini B, na laini A ikipona inarudi yenyewe.

Uchaguzi wa anwani hizo unataka umakini. Wengi huweka 8.8.8.8 au 1.1.1.1. Hizo ni anwani zinazojibiwa kutoka maeneo mengi duniani kwa wakati mmoja, na jibu linaweza kutoka Nairobi au hapahapa wakati njia ya kwenda Ulaya imekufa. Tumia seva iliyo sehemu moja inayojulikana, nje ya nchi, kama seva ndogo uliyoikodi kwa kupimia. Isiwe pia seva ambayo watu wanaihitaji kwa kazi, kwani laini yake ikianguka anwani hiyo haitafikika kwa laini nyingine.

Sasa mashine ya benki. Tuseme anwani yake ni 192.168.88.30 na umepima ukaona laini B ndiyo inayofika benki yako bila kutoka nchini:

```
/routing table add name=laini-b fib
/ip route add dst-address=0.0.0.0/0 gateway=192.168.2.1 routing-table=laini-b
/routing rule
add dst-address=192.168.88.0/24 action=lookup table=main
add src-address=192.168.88.30/32 action=lookup table=laini-b
```

Kanuni ya kwanza inalinda mawasiliano ya ndani ya ofisi, mashine iendelee kuiona printa. Ya pili inaipeleka mashine laini B. Angalia neno `lookup`: maana yake, ikikosa njia kwenye jedwali la laini B, iende njia kuu. Kama msimamo wako ni kwamba miamala isipite laini A kwa hali yoyote, hata ikibidi ikwame, andika `lookup-only-in-table`. Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo tofauti kati ya kupendelea njia na kuilazimisha, na uamuzi ni wa mwenye ofisi. Fundi aulize, asijiamulie. Ukiona kanuni haifuatwi, zima FastTrack, ile njia ya mkato inayoruka baadhi ya ukaguzi, kwenye ukuta wa moto ujaribu tena.

Usigawanye data ya mtu mmoja kwenye laini zote mbili kwa pamoja ili kuongeza kasi. Mifumo ya benki ikiona anwani yako inabadilika katikati ya muamala hukutoa nje. Kila mashine ipewe laini yake, na nyingine iwe ya akiba.

Ukimaliza, chomoa waya wa laini A mchana kweupe, watu wakiwa kazini, uone kinachotokea. Halafu fanya jaribio gumu zaidi: rudisha waya, uzuie kwa muda ile anwani ya mbali ya laini A. Hilo ndilo linalofanana na kukatika kwa mkongo.

Hatua ya 6: Handaki la VPN, na sheria yake

VPN ni muunganisho uliofungwa, kama handaki, kati yako na seva nyingine, na inakupa nguvu ya kuchagua mahali pa kutokea. Ofisi ikifunga handaki kwa programu ya WireGuard mpaka seva yake iliyoko Nairobi au Johannesburg, data yote itatokea pale. Kutoka Dar mpaka kwenye seva hiyo, njia bado ni ya mtoa huduma. Na mwenye seva sasa anaona yale ambayo mtoa huduma alikuwa anayaona, hivyo VPN ya bure isiyojulikana mwenyewe ni nani usiiguse kwa mambo ya kazi.

Nchini kwetu jambo hili lina masharti. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020 zinakataza kutumia teknolojia kufikia maudhui yaliyopigwa marufuku, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Tarehe 13 Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilitoa tangazo likiwataka watu na kampuni ambao kazi zao zinahitaji VPN watoe taarifa zao, ikiwemo anwani ya IP, kufikia tarehe 30 ya mwezi huo. Kwa hiyo kabla ya kufunga handaki la ofisi, jaza fomu ya TCRA na utunze nakala.

Hatua ya 7: Weka vyako karibu

Kama una tovuti au mfumo ambao wateja wake wako Tanzania, mahali pa seva ni uamuzi wa njia mkubwa kuliko yote yaliyotangulia. Duka la mtandaoni la Kariakoo linalokaa kwenye seva ya Marekani linamlazimisha mteja wa Mbagala kuvuka bahari kila anapotazama bei ya kitenge. Ukiikodi seva Dar, kwa kampuni iliyounganishwa TIX, duka linaweza kuendelea kufunguka hata mikongo ikikatika. Uliza kabla ya kulipa: mpo TIX? Naweza kupima anwani yenu ya majaribio kutoka laini tofauti? Kama hawana anwani ya majaribio, tafuta wengine. Nakala ya akiba weka nje ya nchi, hiyo haina haja ya kasi.

Kuna sababu ya kisheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ina masharti kuhusu kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Ukihifadhi majina na namba za simu za wateja kwenye seva ya nje, masharti hayo yanakuhusu, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ndiyo inayosimamia.

Yanayokuja

BGP ilijengwa juu ya kuaminiana, na uaminifu huo umevunjika mara nyingi. Tarehe 24 Februari 2008 kampuni ya simu ya Pakistani, ikitaka kuizuia YouTube ndani ya nchi yake, ilitangaza anwani za YouTube kuwa ni zake, tangazo likavuja, na YouTube ikapotea sehemu kubwa ya dunia kwa takriban saa mbili. Kinga iliyopo leo ni RPKI: mwenye anwani anaweka saini kwamba mtandao fulani ndio wenye haki ya kuzitangaza, na kwa Afrika saini hizo zinasimamiwa na AFRINIC, shirika linalogawa anwani za intaneti barani. Kinga hufanya kazi pale mtoa huduma anapokataa matangazo yasiyolingana na saini. Fungua isbgpsafeyet.com ubonyeze kitufe cha kujaribu, utaona kama wako anakataa.

Hatua kubwa zaidi ni kumpa mtumiaji mwenyewe orodha ya njia achague. Chuo cha ETH Zurich cha Uswisi kilianza mwaka 2009 kujenga mfumo uitwao SCION, ambamo kompyuta yako hupewa njia kadhaa zilizothibitishwa na kuchagua moja: fupi, nafuu, au isiyogusa nchi fulani. Chaguo linaandikwa ndani ya pakiti yenyewe, na ruta za njiani hulifuata. Tangu 2021 mabenki ya Uswisi yana mtandao wao wa miamala unaotumia mfumo huo. Kwa hiyo anayekuambia kwamba haiwezekani kumpa mteja uchaguzi wa njia, mweleze kuwa kuna mahali inafanyika kwa pesa halisi.

Hatua ya 8: Mdai mtoa huduma wako

Vipimo vyako vya Hatua ya 1 vina kazi hapa. Ukipiga huduma kwa wateja na kusema "mtandao unazunguka" utaambiwa uzime ruta uwashe. Andika barua pepe, ambatanisha vipimo vya siku kadhaa, na omba ifike idara ya ufundi. Maneno yanaweza kuwa haya:

"Habari za kazi ndugu zangu. Mimi ni mteja wenu wa faiba, Tegeta. Tovuti niliyoitaja hapa chini ina seva Dar es Salaam, lakini kutoka kwenye laini yenu inajibu kwa milisekunde 290, na ruta ya tano kwenye kipimo iko London. Kutoka laini nyingine hapahapa nyumbani inajibu kwa milisekunde 12. Naomba mafundi waangalie kama anwani za mtandao huo mnazipokea TIX. Pia naomba kujua: njia zenu za kutoka nje zinatumia mikongo ipi, na ipi ni ya akiba? Nimeambatanisha vipimo vya asubuhi na usiku. Asanteni, nasubiri majibu kwa maandishi."

Barua ya namna hii humfikia mtu anayeelewa, kwa sababu ina kitu cha kushughulikia. Wasipojibu, mkumbushe mara moja kwa maandishi, halafu peleka malalamiko TCRA ukiambatanisha barua zote mbili na vipimo. Wapangaji wa jengo moja wakiandika pamoja, wakiwa na vipimo vya kutoka ghorofa tofauti, uzito unaongezeka sana. Na mkataba wa ofisi unapofika wakati wa kuhuishwa, weka kipengele kinachotaja njia kuu, njia ya akiba, na muda ambao mtoa huduma atakujulisha akizibadilisha.